Herufi ya Themanini na Moja

Beni, commune ya Ruwenzori, le 8 avril 2024

Solange mudogo wangu,

Mbusa, mudogo wa Mathe, atakupa hii barua mu mukono yako mwenyewe. Usimuulize kitu mbele ya wateja, soma kwanza. Simu yangu ilibakia mu moto pamoja na nyumba, na simu za majirani siziamini tena.

Unajua tayari kama tulimuzika Mathe. Mais haujue vile bwana yangu alikufa, na nataka uijue kutoka kwangu, hapana kutoka ku soko.

Kisha adui kuingia upande wa mashamba na kuua batu, maneno ilianza kutembea kama kuna dereva wa pickup aliyebaonyesha njia. Pickup ya Mathe ilionekana ku barabara ya Mutwanga siku ile. Alienda kupakia kakao, kama kila juma. Polisi wakamuita, wakamuhoji, wakakuta hana kosa, wakamuachia. Chefu wa quartier, kiongozi wa mutaa wetu, mutu muzuri, akatuambia: "Maneno ya mudomo haitoshi. Nitatuma komunike ku radio ya Butembo, kila mutu asikie, Mathe atembee bila woga." Tulifurahi. Mathe alivaa shati yake ya Misa, akakaa na radio ku magoti.

Solange, ile radio ilisema kama ni yeye.

Nilisikia na masikio yangu. Ni ile sauti nzito ya Benoît, yenye kutangaza batu waliokufa na mbuzi zilizopotea: "Chefu wa quartier anajulisha batu: Mathe Lusenge ni yeye aliyeonyesha adui njia." Akavuta pumzi, akaendelea na tangazo la ndoa. Mathe aliniangalia. "Wamekosea," alisema, "naenda kwa chefu waitengeneze." Akatoka. Hakufika kwa chefu. Batu walimukutia ku parking ya pickup, na mawe. Nilikimbia miguu wazi, nikakuta amekwisha. Nilikuwa ningali nimepiga magoti pale, moshi ikatoka upande wa nyumba yetu. Batoto walikuwa ku masomo, Mungu alitaka.

Donc nakuomba kitu kimoja. Wewe unatengenezaka ordinateur, zile kompyuta, za ile radio, unaingia, unatoka. Niambie Benoît anakaa wapi na anarudiaka njia gani. Mbusa analilia mukubwa wake kila siku, na hataki kulia tena. Siombi shauri, Solange. Naomba nyumba ya ule mutu.

Dada yako,
Eliane


Butembo, le 11 avril 2024

Yaya Eliane, dada yangu mukubwa,

Nimeandika hii barua mara nyingi mu kichwa, na kila mara ilianza na machozi. Acha nianze na mambo yenyewe.

Mbusa alisimama mbele yangu mu atelier, karakana yangu, mpaka nikamaliza kusoma. Nikamuambia sijui nyumba ya Benoît. Nilimudanganya, naijua. Aliondoka bila kuaga, mukono mu koti.

Kisha nikafunga atelier nikaenda ku radio. Nilitaka kumuona ule Benoît uso kwa uso, na nakuambia, nilienda na moyo kama wako. Nilimukuta mu studio. Nilipotaja jina la Mathe alishika kichwa. "Mama Solange, mimi nilisoma chenye kilikuwa mbele yangu. Kuya uone." Akanionyesha.

Nikuelezee vile iko. Komunike, yale matangazo ya batu, zinafikaka kwa email. Kuna script, maana yake maagizo machache yenye ordinateur inafuata yenyewe kabla ya kila saa ya matangazo: inafungua email, inachukua kila komunike, inaiandika mu fichier, faili moja ya maandishi, kila komunike mustari wake. Benoît anasoma ile fichier ku ekra, skrini ya ordinateur. Sasa mu yale maagizo mutu aliweka kipimo cha urefu wa mustari: herufi themanini. Mustari ukizidi pale, script haishuki chini kuendelea. Inakata. Haiweki alama, haisemi kama kuna kitu kimebaki. Inatupa, basi.

Nikafungua email ya chefu yenyewe. Aliandika hivi:

Chefu wa quartier anajulisha batu: Mathe Lusenge ni yeye aliyeonyesha adui njia hapana, mutu asimuguse.

Yaya, nilihesabu na kidole ku ekra, nikarudilia. Ya themanini ni ile nafasi tupu yenye kufuata "njia". "Hapana" inaanza ku themanini na moja. Mutu wa Dar es Salaam angeandika kukataa mbele ya neno, na Mathe angekuwa muzima. Sisi tunakataaka mwisho.

Benoît alisoma vizuri mustari uliokatwa. Hakujua chenye kilitupwa. Nakuomba kwa jina la mama yetu, umuzuie Mbusa.

Na kitu kingine, usikasirike nikiuliza: ku parking, ni nani walikuwa pale? Hiyo mawe ilikuwa na mikono. Uliona nani?

Mudogo wako,
Solange


Beni, le 15 avril 2024

Solange,

Barua yako ilifika, mais Mbusa alikuwa amekwisha kurudi kutoka Butembo. Hakukungoja wewe. Aliuliza ku bar, wakamuonyesha nyumba ya Benoît. Sasa yuko Mutwanga kwa wajomba, na pickup ameificha. Tangu leo barua zitapitia kwa mama Kavuo wa makabichi.

Unaniandikia kama Benoît hana kosa. Sawa. Nimesikia. Sitamuomba pole mutu mwenye angali na mudomo wa kula.

Unaniambia ni script. Solange, nimebakia na batoto watatu mu chumba kimoja kwa shemeji. Bénie anaogopa kusema jina la baba yake mbele ya wenzake. Na wewe unataka nikasirikie mustari? Mustari hauna shingo. Hauna bibi wa kulia. Themanini haikujiweka yenyewe. Niambie nani aliiweka.

Unielezee tena, polepole, juu mimi sikusoma ordinateur. Ile nafasi tupu kati ya maneno inahesabiwa? Virgule, zile koma, pia? Ni komunike zote zinakatwa, ao za batu wadogo tu? Na hata leo, kisha kufa kwa Mathe, bado inakata?

Ku parking kulikuwa batu bengi. Sikuona sura. Usiniulize tena.

Eliane


Butembo, le 19 avril 2024

Yaya,

Benoît alivunjika taya na vidole viwili. Polisi walimuuliza nani, akasema alianguka na pikipiki. Bibi yake alinikuta ku mulango wa hospitali akaniambia, "Wewe ni wa ile familia." Benoît amerudi ku kazi na bandeji, juu hakuna mwingine wa kusoma matangazo. Anasoma polepole, midomo nusu wazi. Ukiifungua radio asubuhi utasikia kazi yenu.

Nimekasirika na wewe. Mais nitakujibu, juu kuna mwenye anastahili hasira kuliko Benoît.

Ndiyo, nafasi tupu inahesabiwa. Virgule, nukta, kila kitu. Kwa komunike zote, ya askofu na ya muuza mihogo. Juma lililopita walitangaza ndoa bila jina la bwana arusi, batu wakacheka. Na ndiyo, bado inakata.

Mwenye aliiweka ni directeur wa radio, muzee Syauswa. Nilimuuliza technicien aliyeandika script, siku hizi anafanya kazi Goma. Anasema mwanzo aliiandika vizuri: mustari ukijaa, unashuka chini, unaendelea, neno halikatwi katikati. Syauswa hakupenda. Ekra ni ndogo, komunike zilimaliza saa ya matangazo ya biashara. Akaamuru: kila mutu mustari moja, yenye kuzidi itupwe. Benoît mwenyewe alimuendea mara nyingi kumuonya kama sentensi zinafika nusu. Alijibiwa, "Batu watajaza wenyewe mu kichwa."

Walijaza, yaya.

Nilienda ku bureau yake jana. Nilisimama, hakunipa kiti.

"Muzee, soma komunike ya chefu yote ku radio, na useme kosa lilitoka hapa."

"Mama Solange, nikisema hivyo nimejipeleka tribunal mwenyewe."

"Na Mathe?"

"Pole sana kwa familia. Mimi sikurusha jiwe."

"Basi nipe ruhusa nitengeneze script. Ni kazi ndogo."

"Hakuna mutu atagusa ile machine. Mukiibadilisha leo, mumekubali kama ilikuwa mubaya jana. Alhamisi tarehe mbili ya mwezi wa tano nateremuka Beni, nitaona batu ya radio mu ville, pale mujini, kisha nipande ndege Mavivi. Nikirudi tutaongea."

Hivyo ndivyo alisema, akachukua simu yake. Natafuta avocat, mwanasheria. Itachukua muda, lakini nitampata. Uvumilie.

Solange


Beni, le 23 avril 2024

Solange wangu,

Wasingya, aksanti. Umenieleza vizuri kuliko mwalimu.

Nimetulia sasa. Nilienda ku Misa Siku ya Mungu, nilisali, moyo umeshuka. Ni kweli vile unasema, mutu ahukumiwe na wenye kazi ya kuhukumu. Tafuta avocat wako bila haraka.

Ule Syauswa amekukataza kugusa machine, donc usiguse. Sitaki upoteze kazi juu yangu. Uiache vile iko.

Vagheni, jirani yetu, parrain aliyemushika Sagesse wangu ku ubatizo, anatuletea kuni kila asubuhi. Anaziweka ku mulango anaenda, haingii. Batoto wanamusalimia.

Mama Kavuo amenipeleka kwa mutu wa radio hapa Beni, ule mwenye anapokeaka komunike na kuzituma kwenu. Nataka familia iseme neno lake pia. Jumatano, usiku wa kuamkia safari ya muzee, usikose kusikiliza.

Dada yako mwenye kukupenda,
Eliane


Butembo, le 1er mai 2024

Eliane,

Leo ni sikukuu ya kazi na mimi nilikuwa ku radio asubuhi, imprimante yao, ile machine ya kuchapa, ilikufa. Nikaona email kutoka Beni na jina lako. Nikaifungua.

Mujane wa Mathe asema: Syauswa wa radio anakuya Beni, ni yeye aliua bwana yangu hapana, nimemusamehe.

Kwanza nilifurahi. Ninakuambia vile ilikuwa. Nilisema, yaya yangu ni mukubwa kuliko mimi, amesamehe, na machozi ikanitoka pale pale mbele ya secrétaire. Kisha nikajiuliza: juu ya nini ametaja safari? Mutu mwenye kusamehe ana kazi gani na safari ya mutu? Kidole changu kikaanza kuhesabu chenyewe ku ekra.

Ulihesabu vizuri. Nafasi na virgule, vile nilikufundisha. Ingebaki: Syauswa wa radio anakuya Beni, ni yeye aliua bwana yangu. Kesho angefika mu ville yenye imesikia hivyo, na ungesema mbele ya hakimu, tazameni email yangu, mimi niliandika msamaha.

Nilikuwa na njia ya kuifuta. Nilikuwa na njia ya kumuambia Syauswa. Na nilikuwa na njia ya kutengeneza imprimante, kukunja waya zangu na kwenda nyumbani. Nilikaa, Eliane. Nilimukumbuka Mathe siku ya ndoa yenu, vile alinibeba ku mabega nione, nilikuwa ningali mudogo. Nilifikiri ule mwanaume ku kiti chake, "batu watajaza wenyewe". Mukono wangu haukusogea. Muda ulipita hivyo, na sitakudanganya kama nilikuwa nasali.

Kisha Benoît akaingia. Akaketi ku kiti chake, akaweka bandeji vizuri, akajaribu sauti: a, e, i. Mudomo haufunguki sawasawa bado. Nikaelewa kama ile kitu itatoka mu mudomo wake, mara ya pili. Ungemufanya aue tena bila kujua, na mara hii ni mimi nilikuwa ninajua.

Nikafungua script. Nikatoa kipimo cha kukata. Nikaandika kama mustari ukifika themanini urudi ku nafasi ya nyuma kati ya maneno, ushuke, uendelee mpaka komunike imalizike. Nikaijaribisha na ya chefu, ile ya Mathe. Ilishuka. "Hapana" ikakaa pale chini, mwanzo wa mustari wake. Yaya, ilinichukua muda wa kupika chai.

Benoît amesoma yako saa ya matangazo ya jioni. Yote. Alipofika ku "nimemusamehe" alisimama, akaangalia kioo chenye nilikuwa nyuma yake, akaisoma mara ya pili.

Sijui kama utaisoma hii barua mpaka mwisho. Ulichukua kazi yangu, chenye ninajua, ukataka kuifanya jiwe. Hata ungeniuliza waziwazi ningekasirika kidogo kuliko sasa.

Solange


Beni, le 6 mai 2024

Solange,

Nilikuwa nimekaa na radio ku magoti, mimi pia. Nilingoja Benoît avute pumzi pale. Hakuvuta. Aliendelea, akasema nimesamehe, mara mbili. Nilitupa radio ku ukuta. Bénie aliokota betri chini ya kitanda.

Umeninyang'anya kitu chenye nilikijenga na hesabu yangu yote. Nilitaka ule muzee ajue vile mutu anasikia akisikia jina lake likienda kasoro mwisho wake. Nilitaka asafiri nayo. Sikupata. Usitegemee nikushukuru.

Sasa usikie chenye kilifanyika, juu wengine watakuelezea vingine.

Alhamisi alikuya. Na umati wa batu nyuma yake! Chefu wa quartier, polisi wawili, wamama wa Misa na vigelegele. Walijaza kiwanja cha shemeji. Syauswa alipiga magoti mbele yangu, muzee wa mvi, suti ndani ya vumbi, akalia kweli. "Mama Eliane, umeniokoa. Sikustahili." Wamama wakaimba. Mutu mumoja akaniita mutakatifu. Nilimuangalia ile shingo yake imeinama mbele yangu, na mikono yangu ilikuwa tupu kwa sababu yako.

Na watu wakapiga makofi. Nikainua macho nione ni nani wanapiga. Karibu ya mulango, Vagheni, na kuni zake chini ya miguu. Anapiga makofi.

Solange, uliniuliza nani alikuwa ku parking, nikakuambia sikuona sura. Niliona. Ni Vagheni alirusha jiwe la kwanza. Adui walimuua ndugu yake ile juma, alikuwa kama mutu mwenye homa, na radio ikamupa jina. Nilijua tangu siku ile. Niliongea na yeye kila asubuhi, "wasingya kwa kuni", na batoto wangu wanalala hatua chache kutoka ku mulango wake. Mutu wa radio, yuko mbali, iko vyepesi kumutakia kufa. Vagheni, nilimuogopa. Ni hiyo tu. Niliogopa, nikatafuta shingo ingine.

Mais pale, ile makofi yake, woga ilinitoka.

Nikamuambia Syauswa: "Simama. Useme mbele ya batu chenye chefu aliandika. Yote, mpaka mwisho."

Akasimama, akasema: Mathe Lusenge ni yeye aliyeonyesha adui njia hapana, mutu asimuguse. "Ni mimi niliamuru mistari ikatwe," akasema, "na walinionya." Chefu alikuwa anatingisha kichwa, ndiyo, ndiyo, ni hivyo niliandika. Wamama waliacha kuimba.

Nikauliza: "Mumesikia? Basi nani alirusha jiwe la kwanza ku mutu mwenye chefu alisema asiguswe?"

Nikamutaja Vagheni. Na jina la baba yake, ili kusiwe mwingine. Na wawili wenye walikuwa na yeye, wote walikuwa pale pale, mumoja akitafuta njia ya kutoka.

Vagheni akasema kwa nguvu: "Radio ilisema! Wote mulisikia, radio ilisema!"

"Radio haikuwa na mukono," nikamuambia. "Wewe ulikuwa nao. Na ulinishikia mutoto ku ubatizo na huo huo."

Alikaa chini ku kuni. Hakukana tena. Polisi walimuchukua yeye na wale wawili, na chefu aliandika majina mbele yangu. Bibi ya Vagheni alitema mate mbele ya miguu yangu, akaenda. Simulaumu. Usiku ule nililala, mara ya kwanza.

Syauswa alingoja nimalize, akaniuliza polepole kama msamaha ungali. Nikamuambia ule msamaha ni wa radio yake, aukamate huko. Mimi nitamuona tribunal. Alienda Mavivi na suti yake chafu, na sasa avocat wako ana mashahidi kiwanja kizima. Umutafute haraka, siyo polepole.

Benoît nitamutembelea mwenyewe. Sijui nitamuambia nini. Mbusa atakuya nyuma yangu, ataomba pole yeye mwenyewe, na kama bibi ya Benoît atamupiga na mwiko, apigwe.

Hapa siwezi kubaki. Ndugu za Vagheni wanapita mbele ya kiwanja, hawasalimu, wanaangalia mulango. Shemeji ameogopa. Ijumaa asubuhi tunapanda gari, mimi na batoto watatu na godoro moja. Tayarisha pale nyuma ya atelier, Sagesse anakohoa, asilale ku simenti.

Usikuye kunikumbatia ku parking mbele ya batu. Ningali nimekukasirikia.

Eliane